Vifurushi vya kujipima tumbo nyumbani: vinapima nini, vinaacha nini

Mtu akiharisha siku tatu hununua dawa ya kufunga choo na maisha yanaendelea. Ikifika wiki ya tano anaanza kutafuta jina la kinachomsumbua, na hapo hukutana na matangazo ya vifurushi vya kujipima nyumbani: boksi dogo lenye kisindano cha kutoboa kidole, vikopo viwili vitatu, kadi ya kudondoshea damu, na ahadi kwamba siku chache zijazo atajua tumbo lake linakataa nini. Tunachotathmini hapa ni aina hiyo ya bidhaa kwa jumla, bila kushika kampuni moja. Vilivyomo hutofautiana, ila mengi ya maboksi hayo hujengwa kwa sehemu nne: kalprotektini ya kinyesi, kingamwili za seliaki, damu isiyoonekana kwa macho kwenye choo, na orodha ya vyakula ambavyo eti mwili hauvivumilii.

Tunavyoona sisi, mbili za mwanzo zina faida ya kweli mtu akizitumia inavyotakiwa. Ya tatu ina nafasi yake, ila si ya kueleza kwa nini unaharisha. Ya nne, ambayo ndiyo inayopigiwa debe kuliko zote, haikustahili kuwekwa humo. Halafu kuna sababu kadhaa za kawaida kabisa za kuharisha kwa muda mrefu ambazo maboksi mengi hayazigusi, na tutazifikia.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha kwanza ni kuharisha. Kuharisha sugu ni choo laini mno au cha majimaji, kwa kawaida mara 3 au zaidi kwa siku, kwa zaidi ya wiki 4. Anayekwenda chooni mara tano akitoa vipande vidogo vigumu haharishi. Mzee aliyelala kitandani muda mrefu, au mtoto anayebana choo, anaweza kuchafua nguo kwa majimaji kila siku huku sehemu ya mwisho ya utumbo imezibwa na choo kigumu, na maji yanapita pembeni yake. Huyo amefunga choo, na dawa ya kuzuia kuharisha itamzidishia. Kwa kuelezea choo, kipimo cha Bristol kinatosha: aina ya 6 ni vipande laini vyenye kingo zilizochanika, aina ya 7 ni maji matupu. Andika namba hiyo kila unapotoka chooni. Daktari ataielewa haraka kuliko maelezo marefu.

Tuanze na kalprotektini, ambayo ndiyo bora kuliko vyote vilivyo ndani ya boksi. Ni protini inayotoka kwenye seli nyeupe za damu zinazokimbilia sehemu yenye uvimbe. Utumbo ukiwa na vidonda vya ugonjwa wa Crohn au wa kolaitisi ya vidonda (kolaitisi ni uvimbe wa utumbo mpana), protini hii hupanda sana kwenye kinyesi. Ukiwa na IBS, yaani utumbo unaosumbua bila uvimbe wala kidonda, hubaki chini. Maabara nyingi huhesabu chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya kinyesi kuwa sawa. Zaidi ya 250 ni ishara nzito ya uvimbe na huyo anahitaji kipimo cha kamera inayoingizwa utumboni. Katikati ya hapo ni eneo la kijivu: hurudiwa baada ya wiki chache, na mara nyingi namba hushuka yenyewe.

Inaharibika wapi? Kwanza kwenye dawa za maumivu. Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake huchubua utumbo na kupandisha namba kwa mtu asiye na Crohn wala kolaitisi, na dawa za kupunguza asidi tumboni huweza kuipandisha pia. Mtu akitumia dawa hizo halafu akapata 180, ajiulize kuhusu vidonge kabla ya kuogopa ugonjwa. Maambukizi ya bakteria nayo huipandisha, kwa hiyo namba kubwa haikuambii ni uvimbe wa aina gani. Watoto wachanga na wale wa miaka ya mwanzo huwa na viwango vya juu kiasili, ndiyo maana mipaka ya watu wazima haiwahusu.

Pili, uchukuaji wa sampuli. Tandaza karatasi au chombo kikavu ndani ya choo ili kinyesi kisiguse maji wala mkojo. Chukua choo cha asubuhi, cha kwanza. Kijiti kilichomo kina mifereji midogo kwenye ncha. Kichomeke sehemu tatu au nne tofauti, kizungushe, kisha kirudishe kwenye tyubu yake. Shingo ya tyubu hukwangua kinachozidi ili kibaki kile tu kilichojaa kwenye mifereji, na hesabu yote imejengwa juu ya kiasi hicho. Sasa fikiria mtu anayeharisha maji. Maji hayashiki kwenye mifereji. Kinachofika kwenye maji ya dawa yaliyo ndani ya tyubu ni kidogo kuliko kinachohesabiwa, namba inatoka chini, na mwenye uvimbe anaambiwa yuko salama. Hii ndiyo kasoro inayotuudhi zaidi, kwa sababu bidhaa imetengenezwa kwa ajili ya waharishaji ilhali kijiti chake kinafanya kazi vizuri kwa choo kilichoshikamana. Maabara huikwepa kwa kupima kinyesi cha maji kwa pipeti, yaani kimrija cha kunyonyea maji. Boksi lako likikosa pipeti na choo chako ni aina ya 7, peleka sampuli kwenye kopo maabara badala ya kutumia kijiti.

Kipimo cha seliaki nacho ni kizuri, ila watu wengi hukiharibu hata kabla ya kufungua boksi. Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni iliyo kwenye ngano, shayiri na rai, hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba hadi vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinalala. Anayeugua anaweza kuharisha, kujaa gesi na kukonda, au asiharishe kabisa na aishie kupungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma. Kipimo hutafuta kingamwili iitwayo tTG ya aina ya IgA, na kingamwili hiyo hutengenezwa tu iwapo gluteni inaingia mwilini. Aliyeacha ngano miezi mitatu iliyopita kwa sababu alisoma mahali kwamba ngano ni mbaya atapata jibu la "hakuna" hata kama ugonjwa anao. Ili jibu liaminike, kula chakula chenye gluteni kila siku, katika mlo zaidi ya mmoja, kwa wiki 6 angalau kabla ya kupima.

Kuna mtego mwingine mdogo. Baadhi ya watu huzaliwa wakiwa na IgA kidogo mno mwilini, na hali hiyo huonekana zaidi miongoni mwa wenye seliaki kuliko kwa watu wengine. Kwao kingamwili ya IgA haitaonekana hata utumbo uwe umechakaa. Boksi zuri hupima na jumla ya IgA. Kama lako lina mstari wa tTG peke yake, jibu la "hakuna" limebaki nusu. Na jibu likiwa "ipo", usikimbilie kuacha ngano siku hiyohiyo. Kwa mtu mzima, uthibitisho kwa kawaida hutokana na vipande vidogo vya nyama vinavyochukuliwa kwa kamera kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, na ukiacha gluteni mapema ukuta huanza kupona na ushahidi unapotea. Seliaki ni mlo wa maisha yote. Inastahili kuthibitishwa kabla hujaanza.

Damu iliyofichika tupite haraka. Kipimo hiki, FIT, hutafuta protini ya damu ya binadamu kwenye kinyesi na kazi yake hasa ni kuwachuja watu kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Kikiwa na damu, kamera ni lazima, na usijiambie tu kwamba ni bawasiri. Kikiwa hakina, hujaambiwa lolote kuhusu kwa nini unaharisha. Na kama damu unaiona kwa macho, usipoteze siku ukingoja boksi lifike.

Sasa ile kadi ya vyakula. Unatoboa kidole, unajaza viduara vinne au vitano kwa damu, unatuma kwa posta, na unarudishiwa ripoti ya rangi: vyakula vya kijani ule, vya njano upunguze, vyekundu uache. Inavutia macho na inaonekana ya kisayansi. Kinachopimwa ni kingamwili za IgG, na kwenye baadhi ya maboksi IgG4, dhidi ya vyakula mia moja au zaidi. Tatizo ni kwamba IgG dhidi ya chakula ni alama kwamba umekila na mwili umekizoea. Mtu anayekula mayai kila siku atakuwa na IgG ya mayai. Chuo cha Ulaya cha mzio na kinga, EAACI, kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba IgG4 dhidi ya vyakula isitumike kutambua mzio wala kutovumilia chakula, na vyama vya wataalamu wa mzio vya Marekani na Kanada vikafuata msimamo huohuo miaka michache baadaye. Ndiyo maana orodha nyekundu ya watu wengi ina vile wanavyokula mara nyingi.

Lakini wapo wanaopata nafuu baada ya kufuata ripoti, na hatutaki kuwaambia kwamba wamejidanganya. Nafuu yao ina maelezo. Ripoti ikikukataza vyakula ishirini, karibu kila mara ngano, maziwa, kitunguu, kitunguu saumu au maharage vimo. Hivyo vina sukari ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri: fruktani kwenye ngano na vitunguu, laktosi kwenye maziwa, galakto kwenye maharage. Zikifika utumbo mpana huvuta maji, na bakteria huzichachusha kuwa gesi. Ukiziondoa, anayesumbuliwa na IBS hupumua. Kingamwili hazikuhusika popote. Hasara ni kwamba ripoti imemnyima na vyakula kumi na vitano visivyo na hatia, haimwambii avirudishe lini, na kwa kumwondolea ngano imekiharibu kipimo cha seliaki kilichokuwa ndani ya boksi lilelile. Mtoto akiwekwa kwenye mlo wa namna hiyo anaweza kudumaa.

Anayetaka kujua vyakula vyake kwa njia inayoaminika anayo, na haina kisindano. Ni mlo wa FODMAP kidogo (FODMAP ni jina la jumla la sukari hizo zisizofyonzwa vizuri) uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Baada ya seliaki kupimwa, unapunguza makundi yote ya sukari hizo kwa wiki 2 hadi 6. Usipopata nafuu ndani ya muda huo, unaacha; si njia yako. Ukipata, unarudisha kundi mojamoja kwa siku tatu: siku ya kwanza kiasi kidogo, ya pili zaidi kidogo, ya tatu mlo wako wa kawaida, kisha unapumzika siku mbili tatu kabla ya kundi linalofuata. Maziwa hupima laktosi, mkate wa ngano au kitunguu hupima fruktani, maharage hupima galakto, asali au embe hupima fruktosi, uyoga hupima manitoli. Mwisho wa zoezi unabaki na orodha fupi ambayo umeipima kwa tumbo lako mwenyewe. Wengi hukosea kwa kubaki kwenye hatua ya kwanza miezi na miezi kwa sababu wamepata nafuu. Hatua hiyo haikukusudiwa kuwa mlo wa kudumu.

Kipimo cha jamii za bakteria wa utumbo, kinachoongezwa kwenye maboksi ya hali ya juu, hakijafikia hatua ya kumsaidia mtu mmojammoja. Hakuna kiwango kinachokubalika cha utumbo wenye bakteria sawa, na hakuna tiba ya kuharisha inayochaguliwa kwa grafu hiyo. Kiruke.

Tugeukie ambavyo boksi halijapima, na hapa ndipo majibu mengi yalipo.

La kwanza ni mfuko wako wa dawa. Metformini ya kisukari ni msababishi mkubwa wa kuharisha, na inaweza kuanza kusumbua hata kwa mtu aliyeitumia miaka bila tatizo. Ile inayoyeyuka polepole huvumilika zaidi, kwa hiyo ongea na daktari abadilishe, usiiache mwenyewe. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu huvuta maji utumboni. Kolchisini ya jongo, baadhi ya dawa za sonona, na olmesartani ya shinikizo la damu zimo kwenye orodha. Hiyo ya mwisho ni ya kuangaliwa kwa makini: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba inaweza kuleta kuharisha kukali na kukonda, miezi au hata miaka baada ya kuanza kuitumia, kwa sura inayofanana na seliaki huku kingamwili za seliaki hazipo. Na kama ulimeza antibayotiki ndani ya miezi mitatu iliyopita, omba kipimo cha sumu ya bakteria Clostridioides difficile.

Jirani na dawa ni sukari mbadala. Sorbitoli, manitoli na zailitoli zimo kwenye pipi na bazoka zisizo na sukari, dawa za maji za kikohozi na vyakula vya wanaopunguza uzito. Kipande kimoja cha bazoka kinaweza kuwa na zaidi ya gramu 1 ya sorbitoli, na gramu 20 kwa siku zinatosha kumharisha mtu mwenye afya. Anayetafuna kutwa ili aache sigara hafikirii kabisa kwamba jibu liko mfukoni mwake. Aache kwa wiki moja, aone.

Maziwa yanalaumiwa kupita kiasi, ingawa kweli watu wazima wengi duniani wana kimeng'enya kidogo cha kuvunja laktosi. Glasi moja ya mililita 250 ina takriban gramu 12, na wengi wenye upungufu huo huivumilia wakiinywa pamoja na chakula. Kwa hiyo maziwa kidogo kwenye kinywaji cha asubuhi hayaelezi kuharisha mara nane kwa siku. Ukitaka uhakika, acha kabisa kwa wiki 2 kisha rudisha, au ufanyiwe kipimo cha pumzi: unakunywa laktosi, unapulizia mashine kwa saa kadhaa, na hidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi juu ya kiwango cha mwanzo, laktosi haijafyonzwa. Usivute sigara asubuhi hiyo, na usiwe umemeza antibayotiki kwa wiki 4.

Vimelea. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila siku. Kopo moja la kinyesi likiangaliwa mara moja kwa hadubini halitoshi kumkana giardia, kwa sababu hutoka kwa vipindi. Zinahitajika sampuli tatu za siku tofauti, au kipimo cha antijeni ambacho hunasa vizuri zaidi. Giardia hunuka: gesi yenye harufu ya mayai viza, choo cha mafuta kinachoelea, tumbo linaloguruma. Baada ya kutibiwa, laktosi huweza kusumbua kwa wiki kadhaa, na mtu hudhani dawa haikufanya kazi kumbe utumbo unajenga upya vimeng'enya vyake. Kwa ameba, kumbuka kwamba Entamoeba histolytica inayoumiza na Entamoeba dispar isiyo na madhara hufanana kwenye hadubini. Antijeni ndiyo huzitenganisha. Aliyekwisha kuandikiwa metronidazoli mara nne kwa "ameba" ile ile anapaswa kuuliza kama aliwahi kutenganishiwa hizo mbili. Na kama kweli ni histolytica, aulize kama alipewa dawa ya pili ya kuua ameba wanaobaki ndani ya utumbo, kwa kuwa metronidazoli peke yake haiwamalizi. Kipimo cha Widal cha taifodi hakina nafasi hapa. Kingamwili zake hubaki damuni miezi mingi baada ya maambukizi kuisha, na taifodi ni ugonjwa wa homa.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani ambacho tungependa kukiona ndani ya kila boksi la aina hii: cha VVU. Kuharisha zaidi ya mwezi kunaweza kuwa dalili ya kinga iliyoshuka, na hapo vimelea kama Cryptosporidium na Cystoisospora, ambavyo uchunguzi wa kawaida wa kinyesi huvikosa bila rangi maalumu, huingia kwenye hesabu.

Nyongo nayo husahaulika. Kwa kawaida chumvi za nyongo hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba. Zikipita hadi utumbo mpana, ukuta wake humwaga maji, na mtu hukimbilia chooni kwa haraka, mara nyingi asubuhi au baada ya kula. Hutokea kwa waliotolewa kifuko cha nyongo, waliokatwa mwisho wa utumbo mwembamba, na kwa sehemu isiyo ndogo ya walioambiwa wana IBS ya kuharisha. Kipimo chake, SeHCAT, ni kidonge chenye mionzi kidogo na picha mbili zilizopishana siku 7. Ikibaki chini ya asilimia 15, nyongo inavuja. Pasipo na kipimo hicho, madaktari hujaribu kolestiramini, unga wa gramu 4 unaochanganywa na maji. Unga huu hunasa na dawa nyingine, hivyo nyingine zimezwe saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baada yake.

Kolaitisi ya hadubini ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi kwa wanaotegemea boksi. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa miaka 50 kwenda juu, huja na kuharisha maji bila damu, hata usiku, na kalprotektini inaweza kutoka sawa au kupanda kidogo tu. Hata kamera ikiingia huona utumbo mzuri, laini, wa waridi. Ugonjwa unaonekana tu kwenye vipande vya nyama chini ya hadubini. Kabla ya kamera, muulize daktari: "Utachukua vipande hata kama utumbo unaonekana mzima?" Swali hilo moja linaweza kukuokoa mwaka mzima wa kuzunguka. Na huwa inatibika vizuri, kwa kawaida kwa budesonidi, pamoja na kuachana na dawa zinazoichochea, zikiwemo za maumivu na za kupunguza asidi.

Dundumio (tezi ya shingoni) linalofanya kazi kupita kiasi hupimwa kwa damu, TSH, na hufuatana na moyo kwenda mbio na kukonda ukiwa unakula. Kongosho lililochoka hupimwa kwa elastasi ya kinyesi. Chini ya mikrogramu 200 kwa gramu ni dalili ya upungufu, ila choo cha maji huizimua na kuleta jibu la uongo. Tatizo lilelile la kijiti, kwa njia nyingine.

Kitu chenye faida kuliko boksi zima ni daftari la siku 14. Andika saa, namba ya Bristol, ulichokula saa chache kabla, dawa zote, na kama uliamshwa usingizini. IBS husumbua mchana na mara chache sana humwamsha mtu. Kuharisha kunakokuamsha saa tisa usiku kunaelekeza kwenye uvimbe au utumbo unaomwaga maji wenyewe. Angalia pia siku ulizokosa kula. Kuharisha kukikoma, chanzo huenda ni kitu unachokiingiza mdomoni. Kukiendelea vilevile, utumbo wenyewe unamwaga maji. Jina la IBS lenyewe lina masharti: kwa vigezo vya Roma vya mwaka 2016, maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yakihusiana na choo au na mabadiliko yake, na dalili zilizoanza angalau miezi 6 nyuma. Anayeharisha bila maumivu yoyote hana IBS kwa vigezo hivyo, hata kama ameambiwa hivyo.

Mara nyingi wauzaji wa maboksi huuza na vya kupunguza makali. Loperamidi ni dawa nzuri ikitumiwa kwa mtu anayestahili: miligramu 4 kwanza, kisha 2 baada ya kila choo cha majimaji, bila kuvuka 8 kwa siku kwa anayejinunulia mwenyewe. Hupunguza safari za chooni, haitulizi maumivu. Isitumike penye damu au homa, wala penye shaka ya C. difficile, na kuzidisha mno huvuruga mapigo ya moyo. Chumvi za kurudisha maji, ORS, ziko kwenye kila tathmini yetu kwa sababu moja: watu hukosea maji. Pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja kamili ya maji safi. Ukitumia nusu lita chumvi inazidi, na kwa mtoto hiyo ni hatari. Imwagwe baada ya saa 24. Soda haichukui nafasi yake, sukari yake nyingi huvuta maji zaidi. Vidonge vya bakteria wazuri tusingevinunua: mwaka 2020 chama cha Marekani cha madaktari wa mfumo wa chakula, AGA, hakikuvipendekeza kwa IBS nje ya utafiti.

Kwa hiyo nani anunue? Kijana mwenye umri chini ya miaka 40, anayeharisha mchana na kuumwa tumbo, hajakonda, haoni damu, hajaacha ngano. Achukue boksi lenye kalprotektini na tTG pamoja na jumla ya IgA, bila kadi ya vyakula, na apeleke majibu kwa daktari pamoja na daftari na orodha ya dawa. Asinunue mwenye damu kwenye choo, aliyepungua uzito bila kukusudia, anayeamshwa usiku, mwenye homa au upungufu wa damu, aliyevuka miaka 50 na mabadiliko ni mapya, au mwenye ndugu wa karibu aliyepata saratani ya utumbo, Crohn au seliaki. Huyo aende kuonana na daktari wiki hii. Na anayeona kizunguzungu akisimama, mkojo umekuwa mweusi na kidogo, mdomo umekauka, aende leo, akinywa ORS njiani.